Nkwenda kuna miamba, lakini usije na kamba ya ng'ombe!

WEWE mtoto wa mjini, hebu sema kweli. Mara ya mwisho kupanda kitu kirefu ilikuwa lini, ukiacha zile ngazi za ghorofa siku lifti ilipogoma? Wenzako huko duniani wanapanda miamba, bwana. Siyo mlima wa kutembea na fimbo mkononi huku mpagazi kakubebea begi, la hasha! Ni mwamba wenyewe, ukuta wa jiwe uliosimama wima, mtu anashika kwa ncha za vidole na kukanyaga mahali penye upana wa sarafu.

Tarehe 3 Juni 2017, kijana mmoja wa Kimarekani, Alex Honnold, aliupanda ukuta wa El Capitan kule California, mita kama 900 hivi kwenda juu, bila kamba. Narudia: bila kamba. Alitumia chini ya saa nne, na filamu iliyopigwa siku ile ikabeba tuzo ya Oscar mwaka 2019. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilipofanyika mwaka 2021, kupanda ukuta nako kukawa na medali zake. Basi tangu hapo kila mwenye vidole anataka kujaribu, miamba yenye majina imejaa watu mpaka foleni, na wajanja wameanza kutafuta ile ambayo haimo kitabuni.

Sasa safu hii inakuuliza: wewe wa Kagera, au wewe wa Dar mwenye bibi Kagera, kwa nini uende mbali? Wiki hii tunakwenda Nkwenda.

Kama hukuijua, Nkwenda ipo wilayani Kyerwa, ile wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kona ya kaskazini magharibi kabisa ya Tanzania. Ng'ambo ya Mto Kagera upande mmoja ni Rwanda, upande mwingine ni Uganda. Unatoka Omurushaka, unashika barabara ya kwenda Murongo mpakani, migomba kulia, kahawa kushoto, na vilima vimejipanga safu kwa safu kama mabati ya kontena. Hiace ikipanda unaona kama dunia nzima imekunjwa. Katika dunia ya wapanda miamba Nkwenda haina jina. Hakuna njia zilizopigwa namba, hakuna bolti zilizotobolewa jiweni, hakuna gaidi anayekusubiri stendi na kibao cha jina lako. Na ndiyo utamu wenyewe.

Lakini subiri, usikimbilie kufunga begi.

JIWE ZURI NA JIWE KIMEO

Wengi wakisikia mwamba wanafikiria Mwanza, yale mawe makubwa ya mviringo yaliyopandiana kama mtu kayapanga kwa mkono. Yale ni graniti, yana umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Ukija Nkwenda ukitafuta mawe ya namna ile utarudi umenuna. Huku habari ni nyingine kabisa, tena ni habari inayojulikana kwa wasomi wa dunia nzima, maana wanajiolojia wakitaja miamba ya namna hii wanaita Karagwe-Ankole. Naam, jina la Karagwe limo katika vitabu vya vyuo vikuu Ulaya na Marekani, na mwenyeji anapita juu yake na ndoo ya maji kichwani bila habari.

Zamani sana, kati ya miaka milioni 1,400 na milioni 1,000 iliyopita, hapa palikuwa na mchanga na tope vilivyolala tabaka juu ya tabaka. Dunia ikavikandamiza, ikavikunja, ikavipika. Mchanga ukageuka jiwe gumu sana liitwalo kwatsaiti. Tope likageuka jiwe la vipande vipande liitwalo filaiti, linalong'aa kidogo ukilielekeza juani na kubanduka kama kurasa za daftari lililolowa. Mvua ya miaka mingi imelila lile laini na kuliacha lile gumu, ndiyo maana migongo ya vilima vya Karagwe na Kyerwa ni mirefu, imenyooka na ina ncha, na mabonde katikati yake yamechimbika. Kile kilichosimama juu mara nyingi ni kwatsaiti. Graniti nayo ipo eneo hili, lakini kichekesho ni kwamba mara nyingi yenyewe ndiyo imeliwa na kubaki chini bondeni, mambo kinyume kabisa na ya Mwanza.

Kwa mpandaji hiyo tofauti ni ya kufa na kupona. Kwatsaiti nzuri ina kingo kali, vidole vinakaa, na ufa wake unapokea mkono vizuri. Filaiti ni kimeo. Unashika kipande kizuri, kimekaa kama mpini wa mlango, unajivuta, kinatoka chote na wewe unabaki umekishikilia hewani kama mwenye kitabu. Na mtihani ni kwamba mteremko mmoja unaweza kuwa na yote mawili: mita tatu za jiwe la uhakika, halafu mita moja ya makaratasi, halafu jiwe la uhakika tena.

Kuna njia ya kujua kabla hujapanda, na haihitaji digrii. Gonga. Piga jiwe kwa kiganja au kwa kijiwe kidogo na usikilize. Likilia kavu, "ko", limeungana na mlima. Likilia kama mtungi mtupu, lina nafasi nyuma yake, liache. Tazama pia chini ya ukuta: ukikuta vipande vingi vya mawe yenye sura mpya, visivyoota ukoga, huo ukuta bado unashusha mizigo yake. Na siku zote zunguka ufike juu kwa miguu kwanza, uchungulie kutoka kileleni, kabla ya kujaribu kutoka chini. Wapandaji wazoefu hufanya hivyo kila mara, na wale wa kuuza sura ndio wanaoanzia chini kwa sababu kamera iko chini.

Kazi yenyewe ya kutafuta inaanzia nyumbani. Fungua picha za satelaiti kwenye simu, tafuta mahali ambapo kijani kinakatika ghafla na kivuli kirefu kinaanguka upande mmoja asubuhi. Hapo kuna mteremko mkali. Linganisha na ramani ya mistari ya kimo: mistari ikibanana mpaka ikagusana, kuna ukuta au karibu na ukuta. Halafu funga simu, maana inayobaki haimo ndani yake. Muulize mchunga mbuzi. Mchunga mbuzi anajua kila mwamba ambao mbuzi wake walikwama, na mbuzi, ndugu yangu, ndiye mpanda miamba namba moja wa nchi hii. Majina nayo husema. Kwa Kihaya na Kinyambo jiwe ni ibale, hivyo ukisikia kitongoji kina neno hilo ndani ya jina lake, simama uulize kwa nini.

"UNATAFUTA BATI?"

Hapa ndipo watoto wa mjini wengi watakapokwama, nawaambia mapema. Kyerwa ni nchi ya madini ya bati. Yamechimbwa tangu enzi za mkoloni na mpaka leo wachimbaji wadogo wapo. Bati linafuata mishipa ya mawe meupe ndani ya miamba hiyo hiyo unayoitamani. Sasa fikiria: anatokea mgeni, miwani ya jua, begi kubwa, anazunguka kilimani akigonga mawe na kusikiliza. Utamwelewesha nani kwamba wewe unataka tu kupanda na kushuka? Mpakani tena! Katika eneo ambalo magendo ya bati kuvuka mto ni kesi inayojulikana, hadithi ya "nafanya mazoezi" inaweza kuishia kituoni.

Kwa hiyo safari yako inaanzia ofisi ya mtendaji wa kijiji. Unaingia, unaamkia, shikamoo mzee, unaeleza umetoka wapi na umelala wapi, unaandika jina kwenye kitabu cha wageni. Kisha mwenyekiti wa kitongoji. Kisha mwenye shamba, kwa sababu mwamba hauelei hewani, umekaa juu ya shamba la mtu, na njia ya kuufikia inapita katikati ya migomba yake. Ukimkanyagia maharage hakuna olimpiki itakayokuokoa. Kama unao uwezo, mwombe kijana wa pale aandamane nawe na umlipe posho yake kwa heshima. Si kwa sababu ya usalama tu. Kijana huyo ndiye atakayeamua mwaka kesho kama wageni wengine wapokelewe au wafukuzwe.

Usiingie kwenye mashimo ya zamani ya wachimbaji kwa kudhani ni kuta za kupanda. Yana kuta wima, ndiyo, na picha itatoka bomba. Lakini ni udongo na jiwe lililokwisha kuchokonolewa, lipo kwenye safari ya kuanguka, linangoja tu mtu wa kwenda naye.

Kuna na maeneo yenye mlango wa serikali. Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe yalikuwa mapori ya akiba, na mwaka 2019 yakawa hifadhi za taifa chini ya TANAPA. Humo huingii kwa kuruka mtaro, unalipa, unapewa utaratibu, na kupanda mwamba unaomba ruhusa ya pekee. Mnyama hajui kama wewe ni mwanamichezo.

Na zipo sehemu ambazo hata ukiruhusiwa na serikali yote, kuna mwenye jiwe mwingine. Kule Kisumu, Kenya, mwamba wa Kit-Mikayi, maana yake jiwe la mke wa kwanza, watu huenda kusali mpaka leo. Iringa kuna Gangilonga, jiwe linalozungumza kwa Kihehe, ambalo jina lake linatajwa pamoja na Mtwa Mkwawa. Upande wa Bukoba, maeneo ya Bwanjai, kuna miamba yenye michoro ya rangi iliyochorwa na watu wa kale, na jasho la kiganja kimoja pamoja na chaki linatosha kufuta kilichodumu karne nyingi. Usiguse. Ukiambiwa na wazee "pale hapapandwi", usiombe sababu wala usicheke, chagua pengine. Vilima viko vingi.

MAMBO YA KAMBA

Hii sehemu isome mara mbili, halafu msomee na rafiki yako anayejifanya anajua.

Tarehe 14 Julai 1865, watu saba walifika kilele cha Matterhorn, mpakani mwa Uswisi na Italia, wa kwanza kabisa kufika. Wakati wa kushuka mmoja akateleza, akawavuta wenzake, na kamba iliyokuwa imewaunganisha ikakatika. Wanne wakaanguka na kufa. Kiongozi wao, Mwingereza Edward Whymper, alinusurika, na iligundulika kwamba kamba iliyokatika ilikuwa ile dhaifu kuliko zote walizobeba. Walikuwa na kamba nzuri zaidi begini!

Kamba ya katani ni fahari ya Tanzania, funga nayo ng'ombe, funga mizigo ya ndizi juu ya Fuso, lakini usijifunge wewe. Haivutiki. Mtu akianguka mita tatu na kamba isiyovutika, nguvu yote inaishia kiunoni mwake au kwenye kamba yenyewe, na kimoja kitavunjika. Kamba ya mpandaji ni ya nailoni, ina nyuzi za ndani na ganda la nje, unene wa milimita 9 hadi 10 na kitu, na imetengenezwa inyooke kidogo mtu anapoanguka ili impokee taratibu kama godoro. Ili ipitishwe kuuzwa, kamba moja ya aina hiyo hufungwa uzito wa kilo 80 na kuangushwa vibaya kwa makusudi, na lazima ihimili angalau mara tano. Zile pete za chuma zenye mlango zinahimili uzito wa kama tani mbili. Pete ya kuning'inizia funguo uliyoinunua Kariakoo inafanana nayo sura tu.

Kamba iliyotumika usiinunue kwa mtu usiyemjua, hata akuuzie kwa bei ya soda. Huwezi kuona kwa macho kama ilimwagikiwa maji ya betri au kama ilishaokoa mtu mara nne.

Bila vifaa bado upo mchezo mmoja: mawe mafupi, yasiyozidi kimo cha mtu mmoja na nusu, chini pamesafishwa na mshikaji wako amesimama na mikono juu kukuelekeza uangukie miguu. Hapo unajifunza yote, mguu ufanye kazi kabla ya mkono, kiuno kisogee karibu na jiwe, pumzi isikatike. Vijana wengi wenye vifua vya kunyanyulia vyuma wanashindwa hapa na wadada wembamba wanapita, na ni jambo la kufurahisha sana kulitazama.

Kujifunza kamba kwenyewe, ushauri wangu ni usianzie Nkwenda. Mwamba usiojulikana si shule. Wenzetu wa Kenya wako mbele katika hili, chama chao cha wapanda milima kipo tangu mwaka 1949, na pale Lukenya, ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa ukapita Athi River, watu wamefundishana kwa miongo mingi. Naivasha, ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate, kuna nguzo ya jiwe ya mita kama 25 iitwayo Fischer's Tower ambapo mwanafunzi hupandishwa kamba ikiwa imefungwa juu, akiachia anabaki ananing'inia tu kama ndizi. Hapo hapo Hell's Gate, mwaka 2012, vijana saba wa kikundi cha kanisa walikufa kwenye korongo kwa mafuriko ya ghafla. Hawakuwa wakipanda chochote, walikuwa matembezini. Mvua iliyowaua ilinyesha mbali na walipokuwa. Ndiyo maana nasema mtu ajifunze nchi yenyewe kabla ya kujifunza vishikio.

NANI ANAGUNDUA?

Niwe mkweli, hili neno "kugundua" linanikera kidogo. Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe kwa Omukama Rumanyika, akapokewa vizuri mno, na akiwa katika vilima hivi akaona mbali magharibi vilele vya milima ya volkano ya Virunga. Kitabuni ikawa habari kubwa. Wachungaji wa Karagwe walikuwa wameviona vilele hivyo kila asubuhi isiyo na ukungu tangu babu wa babu zao. Kilimanjaro vile vile, kitabu kinasema Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, Oktoba 1889, na jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu likachelewa sana kutajwa.

Katika mchezo huu anayepanda njia kwa mara ya kwanza ndiye anayeipa jina, na kuna watu wanasafiri nusu ya dunia kwa ajili ya heshima hiyo. Sasa chukua picha hii: miaka kumi ijayo ukuta mmoja juu ya Nkwenda una njia ishirini, zote zina majina ya Kiingereza ya vichekesho vya bia, na kijana wa pale kazi yake ni kubeba begi. Itatokea, msidhani haitatokea. Isipokuwa kama watoto wa sekondari wa Kyerwa watakuwa wameshapanda mapema na kuandika majina yao ya Kinyambo kwenye daftari, tarehe, na jina la aliyeshika kamba. Daftari la shilingi elfu moja linatosha.

Lipo na swali la kutangaza. Wengine wanasema ukipata mwamba mzuri, nyamaza. Mimi nasema nyamaza mpaka kijiji kikubali, baada ya hapo sema wazi, kwa sababu mwamba usiojulikana na mtu ndio unaovunjwa kokoto. Kwatsaiti hiyo hiyo ngumu inayopendwa na vidole inapendwa na nyundo pia, na mwenye shamba anayelipwa kwa lori moja la mawe ana watoto wa kusomesha. Akipata chochote kutoka kwa wageni wanaolala kwake na kula kwake, atakuwa na sababu ya kuuacha ukuta ulipo.

KAMA UMEAMUA

Nenda Juni hadi Agosti, jiwe likiwa kavu. Masika na vuli filaiti inakuwa sabuni na barabara inakuwa tope la kukusukumisha Hiace. Asubuhi vilimani kuna baridi, jaketi ni lazima. Utakula matoke na maharage mpaka ufungue kifungo, na ukipewa kahawa ya kutafuna ipokee kwa mikono miwili. Vidole vikichubuka na misuli ikikaza, humo humo wilayani Kyerwa kuna chemchemi ya maji moto ya Mtagata, ambayo Stanley aliifika mwaka 1876 na kuwakuta wagonjwa wakijitibu. Rubisi ni ya jioni baada ya kamba kurudi begini, siyo kabla.

Na nyuki. Wapandaji wa Afrika hawaogopi chui kama wanavyoogopa nyuki. Ufa mzuri wa kuingiza mkono ndio huo huo mzuri wa kujengea mzinga. Ukiwa chini, kaa kimya dakika tano utazame ukuta wote. Ukiona vidoa vinaingia na kutoka tundu moja, usitupe jiwe kujaribu, usipulize moshi, usijipulizie manukato zaidi ya hayo uliyokuja nayo kutoka mjini. Fungasha, sogea kwenye ukuta mwingine, na mwambie mwenye shamba kwamba ana asali.